Udongo umepasuka, plaiwudi imejikunja: nakosea wapi?

Mkwaju_Sanaa

Habari za jioni wadau. Nina kazi ya vifaa mchanganyiko, sentimita 60 kwa 90, juu ya plaiwudi ya milimita 6. Chini nimekandika udongo mwekundu wa huku kwetu Dodoma, nusu udongo nusu gundi nyeupe ya mbao, unene kama sentimita moja. Juu yake vipande vya kanga, vipande vya kibuyu na kamba ya katani. Nikaanika juani.

Siku ya tatu udongo umepasuka kama bwawa la kiangazi, ubao umejikunja kuja mbele, kanga imetoa malengelenge na vipande viwili vya kibuyu vimedondoka. Inatakiwa Dar baada ya wiki tatu. Uwiano sahihi ni upi, na hii inaokoleka au nianze upya?

---

Ngokolo_wa_Udongo

Mkuu, anza na uzito. 60 kwa 90 kwa sentimita moja ni lita 5.4. Udongo wa namna hiyo, lita moja ina kama kilo 1.6, kwa hiyo umening'iniza karibu kilo 8 na nusu kwenye ubao mwembamba. Hapo hata gundi ya malaika itaachia.

Kinachopasua ni udongo wa mfinyanzi, ile sehemu laini inayonata. Maji yakitoka unasinyaa, na ubao uliopo chini hausinyai nao. Kujua una mfinyanzi kiasi gani, jaza udongo theluthi ya chupa ya maji, ongeza maji, tikisa, uache. Mchanga unatua ndani ya dakika moja hivi, vumbi laini ndani ya saa chache, mfinyanzi unabaki umeyachafua maji hadi kesho yake. Kama tabaka la mchanga ni dogo, ongeza mchanga. Udongo mweusi wa mbuga usiuguse kabisa, huo unavimba na kusinyaa kuliko wote.

Kabla ya kuutumia, loweka kwenye ndoo, koroga, acha utuame, mwaga maji ya juu. Fanya hivyo mara tatu. Maeneo mengi ya huku kati udongo una chumvi, na chumvi isipotoka itakuja kuchanua ukungu mweupe juu ya kazi ukidhani ni vumbi. Kisha chuja kwa kipande cha chandarua. Kausha, ponda.

Mchanganyiko kwa ujazo: udongo 1, mchanga mwembamba 2, gundi 1, maji kidogo kidogo hadi uwe kama uji mzito wa mtoto. Paka tabaka lisilozidi milimita 3. Liache kivulini siku nzima, masaa ya mwanzo ukilifunika na gunia lisiloligusa. Juani ngozi ya juu inakauka kabla ya tumbo, na mwezi wa saba huku upepo peke yake unatosha kufanya hivyo hata kivulini.

Ukitaka kimo cha sentimita moja usikijenge kwa udongo. Loweka trei za mayai usiku kucha, twanga, kamua, changanya na gundi, jenga umbo kwa hiyo. Ikikauka kabisa (siku tatu nne) ndipo upake udongo milimita 2 juu. Macho hayatajua tofauti, mikono ya wabebaji itajua.

Rangi ya udongo wenyewe usiihofie. Wekundu wake ni oksaidi ya chuma, haupauki kwa jua. Michoro myekundu ya miambani kule Kolo, Kondoa, ile iliyoingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, ni jamii hiyo hiyo ya rangi. Kitakachopauka ni kanga yako. Na ukipata udongo wa njano, ukaange kwenye kikaango kikavu, moto mkali, ukikoroga: unageuka mwekundu. Usitumie kikaango cha kupikia.

---

FundiFremu_Chang'ombe

Naongezea upande wa ubao, maana hapo ndipo wengi mnapopuuza.

Plaiwudi imejikunja kwa sababu umelowesha uso mmoja tu. Gundi na udongo vikikauka vinavuta uso huo, mgongo hauna cha kuvuta upande wa pili. Dawa ni kuzipa nyuso mbili hali moja. Kabla ya kazi yoyote, paka mbele, nyuma na kwenye kingo gundi iliyozimuliwa, gundi 1 maji 2, mara mbili. Kingo ndizo zinazonywa maji zaidi. Kwa saizi yako tumia milimita 9 au 12, na nyuma uweke fremu ya mbao za inchi 2 kwa 1 yenye kipande kinachokingama katikati. Funga kwa gundi na skrubu. Msumari unalegea ubao ukianza kucheza.

Huu uliojikunja: tandika blanketi nene la mtumba mezani, laza kazi kifudifudi, pangusa mgongo kwa kitambaa kibichi (kibichi, si kinachodondosha maji), funika kwa ubao mwingine na weka matofali pembe zote na katikati. Siku tatu. Ukiutoa, fungia fremu siku hiyo hiyo. Hautanyooka asilimia mia, ila fremu itaushika.

Kibuyu kimeachia kwa sababu mbili. Ganda la nje linateleza, gundi haina pa kushika. Na limejipinda, linagusa ubao kwenye kingo tu. Kwaruza sehemu ya kugusana kwa msasa namba 80, toboa matundu mawili ya milimita 2, pitisha waya mwembamba hadi nyuma ya ubao na uusokote. Chini yake jaza ule ujiuji wa trei za mayai. Gundi ya viatu inalegea kwenye joto, na ile ya matone (super glue) inavunjika ikitikiswa. Ndani ya ganda kwangua nyama yote iliyobaki, la sivyo wadudu watakuja kuila na utaona unga chini ya kazi.

---

Bi_Kanga

Kanga mpya ina wanga wa kiwandani. Ifue mara mbili kwa maji ya moto na sabuni, ikaushe, ipige pasi. Ijaribu kwa kuisugua na kitambaa cheupe kibichi. Ikichuja rangi, itachuja pia kwenye gundi na kuchafua udongo. Paka gundi ubaoni, laza kitambaa, sukuma hewa kutoka katikati kwenda pembeni kwa kadi ya plastiki, kisha paka juu gundi iliyozimuliwa, gundi 1 maji 1. Malengelenge yaliyokwisha kutokea: chana kwa wembe kufuata uzi, ingiza gundi kwa bomba la sindano la mililita 5, bonyeza chini ya karatasi ya nta na uzito hadi asubuhi.

Ila sikubaliani na gundi nyeupe kwenye udongo, kaka Ngokolo. Gundi hiyo hulainika kwenye unyevu na joto, na Dar si Dodoma. Rangi ya maji ya ukutani, ya nje, ambayo haijakolezwa kiasi cha kufunika wekundu, inashika udongo vizuri zaidi na haiyeyuki tena ikikauka.

Na kazi za gundi ufanye saa 12 hadi saa 4 asubuhi. Mchana upepo ukianza, kila ulichopaka kinavaa vumbi la barabarani.

---

Ngokolo_wa_Udongo

Dada Bi_Kanga, kwa Dar nakubali. Lakini rangi hiyo hufifisha wekundu, uwe kama chai ya maziwa. Aijaribu kwenye kipande kwanza.

---

Mkwaju_Sanaa

Asanteni sana. Huu uliopasuka sasa, nikwangue wote?

---

FundiFremu_Chang'ombe

Ugonge kwa kucha kila sehemu. Panapolia kama debe tupu pameachia ubao, panapolia butu pameshika. Chora kwa chaki. Palipoachia kwa kiasi cha kiganja, chukua bomba la sindano, ingiza kwanza maji yenye tone la sabuni ili gundi ipenye, kisha gundi iliyozimuliwa nusu, kandamiza. Kama zaidi ya nusu ya ubao inalia tupu, kwangua, ponda, chekecha, utumie tena kama udongo mkavu kwenye tabaka jembamba. Una gundi tayari ndani, kwa hiyo ongeza kidogo tu. Nyufa zenyewe zisizocheza ziache, zinapendeza.

Kwa safari, usifunge kwa nailoni wala gazeti juu ya uso. Nailoni inaganda kwenye gundi kukiwa na joto, gazeti linaacha wino. Weka karatasi ya nta, pembe za maboksi, na ubao wa kufunika usiogusa uso. Isafiri imesimama kwa ukingo. Ikifika iache kwenye kifungashio siku nzima kabla ya kufungua, izoee hewa ya pwani polepole.