Kigoma tunakatwa hela kwa bando tusilotumia na kwa mtandao wa Burundi ambako hatujaenda. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, mko wapi?

Wakuu, habari za muda huu. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa bei za bando. Bei imeshasemwa sana humu. Mimi nimekuja na hela inayotoka kwenye nyumba zetu kwa vitu ambavyo hatukuvitumia kabisa, na nimechoka.

Kwa utambulisho tu: naishi Gungu, Kigoma mjini, nauza dagaa Kibirizi. Mzigo unatoka Kagunga, kijiji cha mpakani na Burundi, na vijiji vingine vya mwambao, wateja wangu wengi wako Dar na Dodoma. Bila simu siuzi. Mteja wa Dar hatumi hela mpaka aone video, tena si video ya juu juu. Anataka ahakikishe dagaa wameanikwa kwenye chanja, hawakukaukia mchangani, niwachote kiganjani niwavunje karibu na simu asikie mlio wa ukavu. Zikienda video kama hizo kwa wateja wanne watano, MB zinateketea. Hilo silalamikii, ni kazi na hela yake inarudi.

Ziwa Tanganyika lilipofungwa kupumzisha uvuvi, Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, biashara ilisimama. Tukakaa na baba watoto tukaanza kuandika kila shilingi inayotoka ndani. Nyama tukaiacha, mkaa tukaubana, bodaboda tukazikata tukawa tunatembea. Kila kitu kilishuka isipokuwa simu na king'amuzi. Mimi 1,000 kwa siku, yeye 1,000, binti yetu wa kidato cha nne 500 maana kazi za shule zinatumwa kwenye kundi la WhatsApp. Hiyo ni 2,500 kila kukicha, 75,000 kwa mwezi, bado king'amuzi, bado vocha ya dharura. Nyumba haiingizi kitu na 75,000 inatoka. Nikaanza kufuatilia inakwenda wapi.

Tuanze na bando kufa. Umejiunga la siku saa mbili asubuhi, kutwa nzima mtandao unasuasua, jioni umeme umekatika na mnara haushiki, kesho yake saa mbili kila kilichobaki kimekufa. Hujatumia wewe, hakutumia mtu mwingine, na hela walishachukua. Mimi mteja akinilipa gunia la dagaa akachelewa kulichukua, siwezi kumpigia nikamwambia dagaa wake wamekwisha muda saa mbili asubuhi. Nitaitwa mwizi, na nitakuwa mwizi kweli.

Halafu kumbukeni kodi. Huduma za simu zina ushuru wa bidhaa asilimia 17, na juu yake VAT asilimia 18. Kwenye bando la 1,000, kama 276 ni kodi tupu. Bando likifa na MB zake, kodi ya zile MB umeshalipa.

Na hakuna wa kusema sheria haipo. Mwaka 2021 TCRA ilitoa kanuni ndogo za vifurushi. Wengi mnazikumbuka kwa lile sekeseke la Aprili 2, bei mpya zilipotoka watu wakapiga kelele nchi nzima mpaka Serikali ikasitisha zile bei. Lakini mle ndani yalikuwemo mambo ya kumlinda mtumiaji: upewe taarifa matumizi yakifika asilimia 75 na yakifika 100, uweze kumhamishia mtu mwingine MB au dakika zako, ukinunua tena bando lile lile kabla halijaisha muda basi kilichobaki kiendelee, na usikatwe salio la kawaida nje ya bando bila ridhaa yako. Kwenye laini yangu ujumbe wa asilimia 75 unakuja wakati bando limeshakwisha. Na vocha niliyoiweka kwa ajili ya kumpigia mwenye boti nimeikuta imeliwa na intaneti, hakuna aliyeniuliza kama naridhia.

Kitu cha pili ni huduma za kujiunga bila kujiunga. Mnaijua ile: unaangalia salio, kidole kiko kwenye kitufe, ghafla kinatokea kiboksi katikati ya kioo, ukibonyeza tu umeshaingia kwenye muziki, au dondoo za mapenzi, au habari za michezo, na kila siku unakatwa mia mia au mia na hamsini. Mama mkwe wangu ana kiswaswadu, simu ndogo ya vitufe, hajui kusoma ujumbe, hana hata mahali pa kusikilizia muziki huo. Kila tukimrushia vocha inakatwa kabla hajampigia mtu. Nilipopiga 100 kulalamika, kijana wa huduma kwa wateja akaniambia, "Mama, kumbukumbu zinaonyesha mtumiaji alijiunga mwenyewe." Bibi wa miaka zaidi ya sabini alijiunga mwenyewe na dondoo za mapenzi! Nikamwambia aziondoe zote wakati niko naye hewani, asikate simu mpaka nione ujumbe wa kuthibitisha. Akaziondoa. Hela iliyokwisha kukatwa haikurudi mpaka leo.

Fanyeni hivyo kwa wazazi wenu walioko vijijini, wasimamieni, maana wao hawatajua. Na ukiwa na simu yao mkononi piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yao ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Ikiwepo ya mtu msiyemjua, nendeni kwa wakala ifutwe.

Sasa nije kwenye linaloniuma kuliko yote, ambalo wenzetu wa Dar hawalijui.

Boti ikitoka Kibirizi kwenda kaskazini inapita Gombe, na kadiri unavyoikaribia Kagunga mnara wetu unadhoofika na mnara wa Burundi unapata nguvu. Simu haijui mpaka, inashika penye nguvu. Uko ndani ya Tanzania, umekaa kwenye boti na magunia yako, simu inalia: ujumbe wa kukukaribisha Burundi. Kuanzia hapo bando lako la Tanzania si kitu. Ukipiga unakatwa kwa viwango vya mtu aliye nje ya nchi, ukipokea unakatwa, na kama intaneti uliiacha wazi, salio linayeyuka kabla hujaitoa simu mfukoni. Mwenye mzigo wangu kule ananibipu tu, hathubutu kupiga. Akitaka tuongee vizuri anapanda mlimani nyuma ya makazi kutafuta mtandao wa nyumbani. Mtu mzima anaacha samaki wake kwenye chanja anapanda mlima ili aongee na mtu wa mkoa wake mwenyewe!

Wengine wameamua kununua laini za Burundi kwa sababu ndizo zinazoshika. Kwa hiyo mimi wa Gungu nikimpigia mtu wa Kagunga, wilaya moja ya Kigoma, napiga namba inayoanza na +257 na nakatwa simu ya kimataifa. Watu wa Manyovu mnaosoma hapa mnaujua huu mchezo. Walimu na manesi walioko mpakani mshahara wao unaliwa hivyo hivyo.

Kenya, Uganda na Rwanda walianza kushushiana gharama za simu za kuvuka mpaka mwaka 2014 na 2015. Sisi na Burundi hatukuwemo. Na tuna Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006 mahususi kwa ajili ya maeneo ambayo kampuni hazioni faida. Mpakani ni wapi kama si huko? Mkongo wa Taifa wa mawasiliano uko Kigoma. Nataka mbunge yeyote wa mkoa huu anayesoma uzi huu asimame Bungeni aulize minara ya mwambao wa kaskazini imefikia wapi, kijiji kwa kijiji, na kwa nini mtu asirudishiwe hela aliyokatwa akiwa ndani ya nchi yake.

Kwa sasa, ukipita huko, ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya mitandao, zima ile ya kujichagulia mtandao yenyewe kisha chagua mtandao wako kwa mkono. Zima pia matumizi ya data ukiwa nje ya nchi. Simu itakosa mtandao kwa muda lakini hawatakukata. Kwenye viswaswadu ipo pia, mwombe kijana akutafutie.

La laini tatu tatu nalo lisemwe. Malipo ambayo mtandao mmoja unaulipa mwingine kwa kila dakika ya simu inayoingia yalikuwa shilingi 15.60 mwaka 2018, TCRA ikawa inayashusha kila mwaka mpaka yakafika shilingi 2.00 mwaka 2022. Shilingi mbili! Kwa nini basi kwenye mabando dakika za mtandao wenyewe zinakuwa za kumwaga na za mitandao mingine ni za kuhesabu? Kwa sababu hiyo nilikuwa na simu mbili na laini tatu, na kila laini ilitaka bando lake. Sisi nyumbani tumekaa kikao, familia nzima tumehamia mtandao mmoja, kwa ajili ya biashara nimebakiza laini moja tu ya ziada. Namba hazikubadilika, kuhama na namba yako kuliruhusiwa tangu Machi 1, 2017. Unakwenda kwa wakala wa mtandao unaouhamia na kitambulisho, unatuma neno HAMA. Maliza salio na deni kwanza maana salio halihami na wewe.

King'amuzi: kifurushi kinahesabu siku, hakihesabu saa ulizoangalia. Umeme ukikatika siku inakwenda. Mvua ikipiga dishi likapoteza mawimbi, siku inakwenda. Tumerudi kwenye king'amuzi cha antena. Chaneli za kitaifa zisizolipiwa, TBC1, ITV na wenzake, zinatakiwa kuonekana hata kifurushi kikiwa kimeisha, na wauzaji wengi hawakwambii hilo kwa sababu wanataka ununue dishi. Fundi ametupandishia antena kwenye mlingoti mrefu, taarifa ya habari tunaiona. Mpira baba watoto anakwenda kibanda umiza, analipa mechi anayoitaka.

Na WhatsApp zimeni ile ya kupakua picha na video zenyewe. Makundi ya ukoo na ya harusi yanakula MB usiku mmelala.

NYONGEZA: Naona wengi mnaniambia ninunue bando la mwezi, ni nafuu. Ndugu zangu, anayeuza dagaa kwa kisado hana 30,000 ya kuweka kwenye simu kwa mkupuo, ana 1,000 aliyoipata leo. Na hata la mwezi linakufa vile vile. Kuna mabando yasiyo na ukomo wa muda, pigeni hesabu kabla ya kujiunga. Mwaka 2022 Serikali ilitaja bei ya MB moja ndani ya bando kuwa kati ya shilingi 2.03 na 9.35. GB moja ni MB 1,024, kwa hiyo ni kati ya 2,079 na 9,574. Gawanya bei kwa MB, usiangalie jina la bando. Sisi tulikuta mabando mawili ya mtandao mmoja, hela ile ile, yanapishana karibu nusu, na lile baya ndilo linalotokea juu kwenye menyu.

NYONGEZA 2: Aliyesema nikalalamike TCRA badala ya kuandika hapa: nimeshapeleka malalamiko kwa mtoa huduma kwa maandishi, kwa sababu utaratibu unataka uanze kwake, asipokuridhisha ndipo uende TCRA. Nimehifadhi picha za ujumbe wa kukaribishwa Burundi pamoja na salio la kabla na la baada. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, hao kazi yao ni kututetea. Malalamiko ya mtu mmoja watayaweka pembeni, ya watu mia hawawezi. Kwa hiyo wa Kagunga, Manyovu, Kibondo, Kakonko na wote wa mpakani: wekeni hapa picha za ujumbe na kiasi mlichokatwa, ficheni namba zenu. Wiki ijayo nazikusanya zote nazipeleka pamoja na za kwangu.