Naombeni ushauri, nisome nani kuhusu mumia (maiti zilizokaushwa zisioze) za Misri ya kale?

Wakuu habarini, nimedanlodi bure vitabu vya Wallis Budge yule mzee wa British Museum, mumia anazielezea fresh tu, mwili kukaushwa na magadi, ubongo unatolewa kwa puani ila moyo wanauacha, sasa jamaa yangu ananiambia achana navyo, vingine vya tangu 1893, wasomi wa sasa hawavitegemei tena. Namsikia Salima Ikram wa chuo kikuu cha Marekani pale Cairo, kaandika hadi mumia za paka na ndege, aliyemsoma anaeleweka kwa sisi wa kawaida? Mi nataka zaidi maisha ya Wamisri wenyewe wa kale, walikula nini, waliogopa nini, mambo ya laana za makaburi hapana. Na bei jamani.