ETI NYUMBA YANGU NDIYO IKO CHINI! Huyu fundi wa milango atanitia wazimu

Wakuu, naandika nimeketi juu ya meza ya kulia, miguu hewani, maana chini hapakanyagiki. Nisikizeni kabla sijatoka kumtafuta mtu nikalala rumande.

Mnamjua. Simtaji. Yule yule wa kofia ya ukili, futi ya chuma kiunoni kama bastola, kila kazi kwake ni "siku mbili tu, bosi". Nusu ya Kisauni hapa Mombasa amewatilia milango, nusu iliyobaki amewazimia simu.

Mlango wangu wa mbele watazama kusi. Mvua ya Mei mwaijua, ikija na upepo haianguki, yarushwa kwa ndoo. Leo alfajiri nimeamshwa na baridi ya miguu. Kutazama, sebule imekuwa Bahari Hindi. Kandambili ya mtoto ilielea kutoka barazani, ikavuka kizingiti, hata hodi haikupiga.

Nikampigia. Ajabu alikuja, nadhani harufu ya mahamri ilimvuta. Akasimama katikati ya sebule, maji yako kwenye vifundo vya miguu, kikombe cha chai YANGU mkononi. Akautazama mlango. Akanitazama mie. Akapuliza chai. Kisha akasema:

"Mlango uko sawa. Nyumba yako ndiyo iko chini."

NYUMBA. YANGU. IKO. CHINI.

Mlango wenyewe ni mkangazi, mbao nzito, nimeulipa kwa mafungu kama mahari. Siku anayotia fremu nilimwambia, fundi, taili bado. Akanijibu "nishaihesabu". Aliihesabu wapi, ndotoni? Taili zilipokwisha, mlango ukagoma kufunguka, wakwaruza chini kama punda anayeburutwa. Akaja na msumeno akaukata. Kile kipande bado ninacho, upana wa vidole vitatu, upande mmoja una vanishi, mwingine mbao tupu. Leo ndicho tulichotumia kuzibia maji, pamoja na blanketi la mkwe wangu. Kwenye upenyo uliobaki chini ya mlango, paka wa jirani huingia bila kuinama.

Na chai yangu akaimaliza! Akaweka kikombe juu ya televisheni kisikumbwe na mafuriko, akaniambia suluhisho ni kuinua nyumba au tupige tuta la sementi mlangoni, "elfu nne tu, bosi". Tuta! Mkwe wangu mwenye bakora aruke tuta kama matatu?

Nyumba yangu iko chini. Yaani mtu asimame ndani ya maji aliyoyaleta mwenyewe, anywe chai, aniambie hivyo mbele ya watoto. Nimechoka wallahi.

—

Mkwezi_wa_Mtwapa: Kofia ya ukili? Pikipiki ya buluu? 😂😂😂 Pole ndugu yangu. Mie alinitilia mlango wa choo ukafungukia nje, kwenye njia ya watu.

Bi_Kizingo: Nyumba yako ndiyo iko chini 😂 nimecheka mpaka mume wangu ameamka.

Shaha_wa_Baraza: Mlango uko sawa jamani, mwacheni fundi wa watu.

Tudor_Moja: Swali. Chai alipewa na nani? Mtu amekuharibia nyumba, bado wamtilia tangawizi?

MwenyeUzi: Tudor_Moja, mke wangu ndiye aliyempa. Hakujua. Na mahamri manne. Akayala huku ananiambia nyumba iko chini.

Seremala_Mstaafu: Mwanangu, pole. Kizingiti hupimwa kutoka floo iliyokwisha, hakipimwi kutoka kwenye zege. Fundi ana zege tupu mbele yake, juu yake ije sementi ya kusawazisha inchi moja na nusu, juu yake gundi, juu yake taili. Hapo ushapanda inchi mbili. Fremu ikiketi juu ya zege, kizingiti kimezikwa siku hiyo hiyo, na kuukata mlango hakukifufui. Sisi zamani tulikuwa tukichukua kipande cha taili yenyewe, tukakipanga juu ya kigingi cha usawa, ndipo pimamaji itoke mfukoni. Kizingiti nacho chataka kuinamia nje kidogo, na chini ya ukingo wake wa nje upige mfereji mwembamba wa msumeno, ili tone lidondoke hapo lisitambae kurudi ndani. Na baraza lazima iwe chini ya sebule, iinamie uani. Wewe baraza yako yainamia wapi?

MwenyeUzi: Ami, asante. Umemwonyesha kosa lake.

Seremala_Mstaafu: Sawa, lakini baraza yainamia wapi?

MwenyeUzi: Ndani kidogo.

Bi_Kizingo: KIDOGO 😂😂😂

Seremala_Mstaafu: Na iko chini ya sebule kwa inchi ngapi?

MwenyeUzi: Ziko sawasawa. Tulitaka ionekane nyumba moja, ndani na nje, bila ngazi.

Tudor_Moja: Taili za baraza alitia nani?

MwenyeUzi: Tusibadilishe mada wakuu.

Tudor_Moja: Alitia nani?

MwenyeUzi: Mie na mkoi wangu. Jumapili moja. Lakini hilo halimpi mtu ruhusa ya kuniambia nyumba yangu iko chini!

Shaha_wa_Baraza: Yakhe, umeyachimbia maji njia, ukayatandikia taili, sasa wamlaumu aliyeyafungulia mlango. Fundi kasema kweli tupu. 😂

Mkwezi_wa_Mtwapa: Sasa nyumba iko chini au haiko chini? Tupige kura.

Kibokoni_Damu: Ndiyo maana wazee wa Mji wa Kale hawakuwa wajinga. Nenda utazame milango ya nakshi, kizingiti chake chainuka, wainua mguu ndipo uingie. Katikati mfaa, ule mti uliosimama kati ya mbao mbili za mlango, pembeni nakshi, maji ya mvua yapita njiani na adabu zake. Nyinyi wa taili mwataka kuingia nyumbani kama mwaingia dukani.

Bi_Kizingo: Kibokoni_Damu, vizingiti vyenu hivyo vimeninyofoa ukucha siku ya posa yangu. Nimeingia kwa wakwe nimeruka kama chura. Msitusifie.

Kibokoni_Damu: Ulikuwa watazama wapi, Bi? Mlango una miaka kuliko babu yako, haukukurukia wewe.

Pwani_Feri: Mwalia na inchi mbili. Sisi wa Likoni twavuka bahari kwenda kununua bawaba, ukirudi waona umepewa za kushoto.

Mama_Samia_wa_Majengo: Afadhali yenu ni mlango. Fundi wangu wa mfereji alikuja kuziba tone moja, akaacha saba. Kisha akaniomba nauli ya tuktuk.

Mkwezi_wa_Mtwapa: Mama Samia, huyo mrefu mwenye mkoba wa kijani?

Mama_Samia_wa_Majengo: Huyo huyo! Na wewe pia?

Mkwezi_wa_Mtwapa: Alikata bomba la jirani badala ya langu. Tumekosana na jirani tangu Ramadhani.

Pwani_Feri: Huyo ni shemeji yake yule wa kofia ya ukili.

Bi_Kizingo: Basi ni ukoo mzima! Na fundi wangu wa rangi atakuwa binamu yao. Nilimwambia rangi ya maziwa, amenipakia ya mchuzi wa samaki.

MwenyeUzi: Wakuu turudini kwenye mlango. Niitoe fremu yote nianze upya, au nivunje baraza tu?

Mama_Samia_wa_Majengo: Bi Kizingo, ya mchuzi wa samaki inaficha uchafu, iache hivyo.

MwenyeUzi: Kuna mtu amesoma swali langu?

Seremala_Mstaafu: Vunja baraza kwanza. Fremu tuone baadaye. Nami chai nataka, lakini sukari kidogo.

Tudor_Moja: Ngoja, nina swali muhimu. Hayo mahamri mkeo anauza?

MwenyeUzi: Anauza. Shilingi kumi kila moja.

Tudor_Moja: Na mbaazi?

MwenyeUzi: Zipo kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Lakini piteni mlango wa nyuma.