Nyumba ya kando ya barabara kuu Naluwerere: ninunue au niache?

MamaTwaha, Bugiri

Salaam ndugu zangu. Naomba ushauri kabla ya Ijumaa, maana mwenye nyumba hiyo ametupa wiki moja tu.

Mimi na mume wangu tumepanga hapa Bugiri huu mwaka wa sita, kodi 200,000 kwa mwezi. Tumejikusanya kwenye SACCO, na sasa kuna nyumba inauzwa Naluwerere, kwenye barabara kuu yenyewe ya Kampala kwenda Malaba, mpakani na Kenya. Ukitoka Kampala iko mkono wa kushoto, mara tu ukishavuka tuta. Ina vyumba vitatu vya kulala, sebule, na mbele kuna chumba cha duka. Bei milioni 68. Kuna nyingine huko ndani, kama kilomita moja kutoka lami, vyumba viwili, haina duka, nayo ni milioni 75. Mnaojua bei za viwanja vya barabarani mtashangaa kama nilivyoshangaa: ya barabarani ndiyo ya bei ya chini.

Mume wangu anaitaka ya barabarani. Mimi ni fundi cherehani, na Naluwerere malori yanalala pale, watu wanapita mpaka usiku. Anasema huko ndani nitashona sare za shule muhula ukifunguliwa, basi, nirudi kukaa. Katika hilo sina cha kumpinga.

Lakini mimi nilitaka kuiona nyumba usiku. Mchana kila nyumba ina kelele, hata ya ndani kabisa. Basi Jumanne nikaenda na mwanangu wa mwisho, ana miaka minne na ana pumu, tukaomba kukaa na mpangaji aliyemo sasa. Tulikaa barazani kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 5. Kati ya saa 3 na saa 4 nilihesabu malori 71, sikuhesabu mabasi wala boda. Kuna wakati yanafuatana matano, sita, halafu kimya, na kile kimya ndicho kinachokuchosha, kwa sababu unakaa ukisubiri linalokuja.

Mke wa mpangaji alinipikia chai. Nikaona jikoni ameweka kitambaa kilichokunjwa chini ya kila kifuniko cha sufuria rafuni. Nikamuuliza cha nini. Akasema bila hivyo vifuniko vinaimba usiku kucha. Na huyo mama, tulikuwa tumekaa mkeka mmoja, magoti yetu yanagusana, alikuwa anaongea kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto. Hata pale ambapo hakuna gari lolote. Ameishi hapo miaka mitatu.

Jambo la pili ni maji. Nyumba haina bomba. Bomba liko ng'ambo ya barabara. Nilimwona binti yake, hajafika miaka kumi, amesimama ukingoni na jerikeni la lita kumi akingoja nafasi ya kuvuka. Alianza kuvuka, akarudi, akaanza tena, akarudi. Mimi nilisimama bila kujijua.

Karatasi alizonazo mwenye nyumba ni makubaliano yenye muhuri wa LC1, yaani baraza la kijiji. Hati miliki hana, anasema tutaitengeneza sisi.

Mume wangu anasema watoto huzoea. Mimi nimekulia kambini Bombo, baba yangu alikuwa askari, nimelala na kelele za kila namna, na siwezi kusema nilidhurika. Ndiyo maana sijiamini katika uamuzi huu. Aliyeishi kando ya lami aniambie.

DerevaWaTrela

Mama Twaha, salaam. Mimi ni mmoja wa hao uliokuwa unatuhesabu. Mombasa–Kampala mwaka wa 17 sasa.

Nikuambie jambo ambalo muuzaji hatakuambia. Lori linalotoka Malaba kwenda Kampala limejaa. Lina uzito, linapita linanguruma lakini chuma chake kimetulia. Linaporudi Mombasa mara nyingi ni tupu, au limebeba kontena tupu. Trela tupu likipanda tuta huruka. Minyororo inagonga, kontena inapiga kwenye pini zake, ni kama mtu amemwaga mabati kutoka juu. Na huku Uganda tunaendesha kushoto. Nyumba iliyo kushoto ukitoka Kampala ni nyumba ya trela tupu.

Halafu umesema iko ukishavuka tuta. Kabla ya tuta tunafunga breki, upepo unatoka kwa kishindo. Tukishavuka ndipo tunaondoka na gia ndogo, na hapo injini inatoa moshi mwingi. Kwa hiyo moshi unamwagwa mlangoni kwako. Kwa mtoto mwenye pumu mimi nisingeweza.

Na hiyo Jumanne huenda ilikuwa siku ya afueni. Foleni ya mpakani ikikwama siku mbili halafu ikafunguka, tunakuja kwa mkupuo, na hapo hutahesabu.

La mwisho, na hili ni kwa kila anayeishi barabarani, anunue asinunue. Katika hayo malori kuna ya mafuta, yanapakia Eldoret na Kisumu. Likipinduka karibu nawe, chukua watoto uende mbali, upande upepo unakotoka. Usiangalie nani anakwenda na jerikeni. Nimeshapoteza watu kwa hilo na siwezi kuliandika zaidi.

FundiUashi, Iganga

Dada, kelele nyingine zinapunguzika, nyingine hazipunguziki. Nimejenga na kukarabati nyumba nyingi za barabara hii, nisikilize.

Angalia juu ya madirisha. Nyumba zetu zina matundu ya hewa juu ya kila dirisha, na wengi hawajui kwamba sauti inapita hapo kama inavyopita mlangoni. Ukiyaziba joto litakuua na mtoto atakosa hewa. Kinachosaidia ni kuhamisha: vyumba vya kulala viwe nyuma, matundu yake yatazame shamba. Je, hivyo vyumba vitatu viko upande gani? Kama viwili viko mbele, hesabu kwamba unanunua nyumba ya chumba kimoja cha kulala.

Ukuta wa tofali mbele ya kiwanja husaidia, mradi uwe mzima, mrefu kupita dirisha, usio na mianya. Lakini nyumba yenye duka haiwezi kujizibia ukuta mbele, mteja atapita wapi? Uzio wa michongoma na miti hupendeza na hukamata vumbi kidogo, sauti haukamati.

Sasa jambo ambalo watu hawalitazami: maji ya mvua. Barabara hii imewekwa lami juu ya lami miaka mingi, imepanda, na nyumba za zamani zimebaki chini. Simama barazani utazame lami. Ukiona iko juu ya kizingiti cha mlango, uliza kalvati linamwaga wapi. Nimeona nyumba nzuri sana kalvati limeelekezwa moja kwa moja kwenye migomba ya nyuma, na kila mvua ya Aprili inaingia jikoni. Mwenyewe alikuwa amepaka rangi mpya hadi usawa wa goti tu. Rangi ya namna hiyo ukiiona, jua ni alama ya maji.

Gonga plasta kwa kidole karibu na pembe za madirisha. Ikilia kama debe tupu imeshaachia. Nyufa za mshazari kutoka pembe ya dirisha kushuka chini, hizo zitazame kwa makini, uzibe leo zitarudi.

NesiMstaafu

Mama Twaha, mwanao ana pumu. Moshi wa dizeli na vumbi la barabara ni vitu viwili vinavyoamsha pumu, na atakuwa anavivuta akiwa amelala, saa kumi kwa siku. Chembe zinazodhuru zaidi ni zile zisizoonekana. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango cha chembe hizo cha mwaka mzima mpaka maikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, na watu wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere wanaopima hewa ya miji yetu wanaonyesha tuko juu ya hapo hata mbali na barabara. Kwa kelele za barabara usiku, shirika hilohilo linashauri zisizidi desibeli 45. Hiyo ni sauti ya watu wawili wakiongea taratibu chumba cha pili.

Mume wako anasema watoto huzoea. Mtoto huzoea kwa maana haamki akalia. Mwili wake unaamka. Na popote mtakapoishi, jiko la mkaa litoke nje ya nyumba, tafadhali.

Nilibomolewa

Mama Twaha, jina langu la humu limeshakueleza. Wenzangu wamesema kelele, mimi naja kwenye karatasi.

Nilinunua nyumba kando ya barabara, mji siutaji, kwa makubaliano ya LC1 kama hayo yako. Muhuri unathibitisha kwamba fulani alimuuzia fulani mbele ya mashahidi. Hausemi barabara inaishia wapi na kiwanja kinaanzia wapi. Siku moja nilirudi kutoka sokoni nikakuta alama ya X nyekundu ukutani. Katiba yetu, ibara ya 26, inasema serikali haiwezi kuchukua mali yako kabla ya kukulipa fidia ya haki. Niliisoma, nikaibeba mpaka ofisini. Wakanijibu kwamba kilicho ndani ya hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara, hakikuwa mali yangu tangu siku niliponunua. Nililipwa vyumba vya nyuma. Vya mbele, vilivyokuwa vinanilisha, sikulipwa hata shilingi.

Sheria ya zamani ya barabara iliruhusu hifadhi ya hadi futi 50 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Siku hizi kuna Sheria ya Barabara ya mwaka 2019, kwa hiyo futi 50 zichukue kama kipimo cha kuanzia tu. Chukua utepe upime kutoka mstari wa katikati. Ukikuta duka liko ndani ya futi 50, huhitaji kwenda mbali. Ukikuta liko nje, bado nenda Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi wakuonyeshe mpaka wao. UNRA, mamlaka ya barabara kuu za taifa, ilivunjwa mwishoni mwa 2024 kazi zikarudi wizarani. Nenda na mpimaji mwenye leseni, usiende na kijana wa dalali.

Na kama mwenye nyumba ana mke na familia inaishi kwa ardhi hiyo, bila ridhaa ya mke mauzo ni batili. Uliza mke yuko wapi.

Unashangaa kwa nini nyumba ya barabarani ni milioni 68? Wanaoijua barabara wameshapima.

MamaTwaha, Bugiri

Ndugu zangu, nimerudi. Mungu awalipe.

Jumatano alfajiri, saa 12 kasoro kabla magari hayajazidi, tulikwenda na mume wangu na utepe wa mita 30. Kijana wa boda alisimama akazuia upande mmoja. Kutoka katikati ya barabara mpaka ukuta wa mbele wa duka ni mita 11 na sentimita 60. Duka lina kina cha mita tatu. Futi 50 ni mita 15 na kidogo. Tulipima mara ya pili kwa sababu mume wangu hakukubali. Duka lote limo ndani, na ukuta wa mbele wa sebule nao umo.

Mume wangu alikaa chini pale pale kwenye jiwe, utepe mkononi. Hakusema kitu muda mrefu. Kisha akaniuliza: "Sasa tulikuwa tunanunua nini?"

Tulimwambia mwenye nyumba ukweli, bila kumgombeza, kwamba tungeweza kuzungumza bei ya vyumba vya nyuma peke yake. Alikataa, akasema kuna mwingine kutoka Busia anakuja Jumamosi. Huyo anayekuja kutoka Busia, kama unasoma hapa, njoo na utepe.

Kuhusu mke wake: nilimuuliza, akasema hilo ni la ndani ya nyumba yake. Fundi, rangi mpya ipo, na imeishia gotini kama ulivyosema.

Ile ya ndani ina hati miliki. Wiki ijayo tunakwenda ofisi ya ardhi kuhakikisha jina lililomo ni la anayeuza, na mkewe ameshakubali kuja kutia sahihi. Milioni saba za kuongeza tumeomba SACCO. Cherehani nimepata chumba cha kupanga hapohapo Naluwerere, 80,000 kwa mwezi, upande wa pili wa barabara, kule malori yanakopita yakiwa yamejaa. Nitafunga saa 12 jioni nirudi nyumbani kwa miguu.

Yule binti wa jerikeni bado anavuka. Nimezungumza na mwenyekiti wa LC1 kuhusu bomba la upande ule. Amesema nilete majina ya kaya. Mpaka sasa ninazo 14, na kama kuna mtu humu anaishi upande huo wa barabara, aniandikie hapa jina la kaya yake.