Mwezi mzima bila matumizi: mume katunga sheria, misalaba yote nimepata mimi!

Wakuu, habari zenu. Mods naombeni msiuunganishe uzi huu na ule wa kubana matumizi, kule watu wanapongezana tu. Mimi sina pongezi.

Baba watoto aliona video mtandaoni, familia fulani wanacheka, eti wamemaliza mwezi mzima bila kununua kitu kisicho cha lazima. Akaiangalia mara tatu. Jumapili jioni akatukalisha sebuleni, mimi na watoto wawili (kijana wa miaka 15 na binti wa miaka 8), akatangaza: kuanzia kesho, siku 30, hakuna kutoa hela isipokuwa ya kodi, umeme, maji, chakula, nauli na ada. Vingine vyote ni tamaa. Sikupinga. Kusema kweli nilifurahi, maana kwetu hela huwa inaisha bila kujulikana imeishia wapi, nikadhani safari hii tutajua.

Karatasi ikabandikwa kwenye mlango wa friji. Majina manne, viboksi 30 kila jina. Siku ikipita hujatoa hela, tiki ya bluu. Umetoa, msalaba mwekundu. Kalamu akakaa nazo yeye.

Siku ya 3 binti akapandisha homa usiku, chupa ya dawa tupu. Nikatoka nikanunua. Asubuhi msalaba. Nikamuuliza baba watoto, dawa nayo ni tamaa? "Mama, haikuwa kwenye orodha. Tukianza kuachia moja tutaachia zote." Siku ya 6 mwalimu kaagiza daftari la grafu. Msalaba, na kauweka kwangu, si kwa mtoto, kwa sababu mkono uliotoa hela ni wangu. Siku ya 9 taulo za kike. Msalaba. Hapo akina dada mtanielewa bila maelezo, nisije nikapigwa ban.

Nikasimama mbele ya lile friji na sufuria mkononi nikaitazama karatasi vizuri. Kwa jina lake bluu tupu. Ndipo akili ikanijia: yeye hulipa vikubwa, kodi, umeme, ada, na vyote hivyo sheria imevisamehe. Mimi ndiye wa vidogo vidogo: sabuni, betri ya saa ya ukutani, kifungo cha sare, dawa. Yaani tangu siku anaiandika, "changamoto ya familia" ilikuwa changamoto ya mtu mmoja, na huyo mtu hakushirikishwa kwenye kuitunga.

Na kazi je? Hili ndilo linalonichemsha zaidi. Kitu usichokinunua hakipotei, wakuu, kuna mtu anakifanya kwa mikono. Chakula cha kununua kimekatazwa, nani anaamka mapema kupika cha kubeba watu wanne? Nguo zisinunuliwe, nani anakaa na sindano saa 5 usiku? Mtoto akitaka kitu, nani anasimama pale mbele za watu kumwambia hapana huku analia? Yeye akirudi anashika kalamu, anaweka tiki, anasema "tunaenda vizuri."

Tunaenda!

Siku ya 4 kuna kifurushi kilifika mlangoni. Spika za masikioni. "Niliagiza Jumamosi, kabla hatujaanza." Sawa, nikameza. Siku ya 12 simu yake iko mezani inachaji, ujumbe ukaingia: malipo ya usajili wa kutazama mechi yamekatwa. Ni ule mtego tunaoujua wote, unaambiwa jaribu bure, unaweka kadi, siku za bure zikiisha wanakata kila mwezi mpaka uhangaike mwenyewe kutafuta kitufe cha kujitoa, nacho wamekificha chini huko. Nikamuonyesha. Mnajua alichonijibu? "Sijanunua, imejikata yenyewe." Tiki ya bluu.

(Kijana naye kanunua sarafu za gemu kwa hela aliyopewa na mjomba wake. Tiki. Eti hela haikutoka humu ndani.)

Nikilalamika naambiwa dunia nzima wanafanya. Nikaenda kusoma. Hiyo siku ya kugoma kununua inayosherehekewa nchi mbalimbali ilianzia Kanada mwaka 1992, watu wakipinga ununuzi uliopitiliza. Siku 1, jamani. Huyu wangu kaona moja ndogo.

Siku ya 19 nilikuwa nasafisha viatu vya binti. Kimoja soli imeachia mbele, mdomo wazi. Kakifunga kwa gundi ya karatasi, juu yake mpira wa kufungia nywele, halafu kaupaka rangi nyeusi ya kalamu ili usionekane. Nikamuita. Kwa nini hukusema? Akaangalia friji kwanza, halafu mimi. "Sikutaka upate msalaba mwingine."

Nilikaa chini pale pale sakafuni. Kesho yake nikanunua viatu, na msalaba nikauchora mwenyewe, mkubwa, umekula viboksi vitatu.

Usiku huo huo nikafungua daftari. Kwenye kusoma kwangu nilikutana na habari za Hani Motoko, mwandishi wa habari wa Kijapani aliyetoa daftari la hesabu za nyumbani mwaka 1904. Nikaamua kuiga, bila mambo ya misalaba. Unaandika kilichoingia, kilichotoka, na kimetoka kwa ajili ya nini, basi. Nikaandika vya kila mtu, vikiwemo "vilivyojikata" na "vilivyoagizwa Jumamosi". Misalaba yangu yote ukiijumlisha, bila viatu, haikufikia bei ya zile spika. Usajili tulikuta uko mitatu, mmoja hata yeye hakumbuki ni wa nini.

Nilipomwekea daftari mezani alisoma, akakohoa, akasema tutaongea. Hatujaongea.

Siku ya 31 ndiyo kichekesho. Tulitoka wote, kila mtu na orodha aliyokuwa anaitunza kichwani mwezi mzima. Tulichokusanya siku 30 kilirudi kutumika alasiri moja, na kikazidi kidogo. Nami nilikuwemo, sijitoi.

Sasa jana usiku nakuta friji ina karatasi mpya. Siku 90. Jina langu limeandikwa la kwanza.

Nimeibandua. Nimeandika yangu, dawa, shule na vya kike vimesamehewa juu kabisa, mistari inaanza na usajili wake, na kalamu zote mbili ziko kwenye pochi yangu. Hajaiona bado, yuko kazini.

Ninachoomba kwenu ni kimoja: ule usajili wa tatu, usiojulikana ni wa nini, hauna hata jina kwenye ujumbe wa makato, namba tupu. Nikiomba benki wabadilishe kadi, makato yanakoma au yanahamia kwenye kadi mpya? Aliyewahi kufanya anijibu kabla ya Jumatatu, ndiyo siku ya 1.