Tetemeko likija, Daraja la Mkapa litabaki?

Mwana wa Kilwa
Wakuu naomba tulijadili hili. Daraja la Mkapa pale Rufiji lilifunguliwa 2003, mita 970 kama sijakosea, na sisi wa Lindi na Mtwara ndo mlango wetu wa kwenda Dar. Agosti 2020 usiku lilipiga tetemeko la kama 6.0 baharini, Dar watu wakatoka nje ya maghorofa. Baada ya mtikisiko kama ule nani alishuka kuangalia nguzo na zile raba zinazobeba barabara ya juu? Au tunasubiri lidondoke ndo iundwe tume

Korosho Kavu
Tetemeko la wapi mzee 😂 Mei 2024 Somanga ilikuwa mvua na kimbunga Hidaya tu, barabara ikakatika, abiria wakalala njiani. Kusini daraja linauliwa na maji, acheni kuangalia sana mambo ya Japani

Fundi Nondo
Kaka hayo mawili yanakutana. Maji yanakomba mchanga kwenye msingi, nguzo inabaki kama jino linalocheza, sasa tetemeko hata la kawaida likija linaikuta hivyo. Na mchanga uliolowa ukitikiswa sana unalegea wote unakuwa majimaji. Umeitaja Japani, Kobe 1995 barabara ya juu ililala ubavu, nguzo zake zilichorwa kwa kanuni za miaka ya 60, nondo za kuzungushia hazikutosha. Zilisimama miaka yote hiyo vizuri tu. Kwa hiyo kusimama miaka 20 sio ushahidi, uliza lilichorewa mtikisiko kiasi gani na tangu hapo chumvi na maji vimekula nini

Mtoto wa Shangani
Nimesoma yote ila hapo kwenye "mlango wetu" nimecheka. Lile daraja lina jina la mzee wetu wa Lupaso, Masasi, MKOA WA MTWARA. Lindi mlibebwa tu

Mwana wa Kilwa
Tulibebwa?? Wewe toka Mtwara mpaka Dar unakatiza Lindi nzima, tukifunga njia utapita angani? Na gesi ya Songo Songo inawasha Dar tangu 2004 iko kwetu Kilwa, hatukuwahi kumtambia mtu

Bi Chuno
Haya ya gesi yameanza. 2013 sisi wa Mtwara tunalia na bomba la kupeleka gesi Dar, nyie mlikuwa mnatuchungulia dirishani, leo mna gesi

Mwana wa Kilwa
Dada hakuna aliyechungulia, ile vurugu iliwaponza wenyewe

Bi Chuno
Iliwaponza?! Unajua watu walipitia nini hapa wewe? Rudi kwenye raba zako

Fundi Nondo
Turudi basi jamani, mtu amepima kina cha mchanga pale kwenye nguzo baada ya mafuriko yale au la

Korosho Kavu
Fundi, na Daraja la Umoja kule Ruvuma? Nusu yetu nusu ya Msumbiji, nao 2006 walipigwa na la 7.0 huko Manica. Wakikagua upande wao sisi tukalala inasaidia nini

Mtoto wa Shangani
Daraja la Umoja liko Mtambaswala. Mtambaswala ni Nanyumbu. Nanyumbu mkoa gani? Nauliza tu

Mwana wa Kilwa
Basi siku likitikisika mkoa mzima mkalishikilie