Silverstone 2013: matairi yalipasuka, nani abebe lawama?

Mdau_wa_Kirumba

Wakuu heshima kwenu. Hapa kijiweni Kirumba ubishi umekwama na hakuna anayekubali kushuka. Ni zile mbio za magari za Formula 1 za Uingereza, uwanja wa Silverstone, 30 Juni 2013. Hamilton anaongoza, mzunguko wa 8, tairi la nyuma kushoto linapasuka. Anafuata Massa, kisha Vergne, wote nyuma kushoto. Karibu na mwisho na Pérez naye.

Kundi la kwanza linasema Pirelli, kampuni iliyotengeneza matairi, walileta tairi bovu, basi. La pili linasema timu zilifunga matairi kinyume na kupunguza upepo makusudi. La tatu ni wachache ila wana kelele: FIA, wasimamizi wa mbio, walilala. Mwenye ufundi atueleze kilichopasua ni kipi. Na hivi kweli kuhamisha tairi la kushoto kwenda kulia kunaweza kuleta balaa lile? Mbona Noah za Geita zinazungushwa matairi kila mara na safari zinaendelea?

Ubavu_wa_Ndani

Mkuu, tuanzie kwenye tairi lenyewe. Matairi ya nyuma ya mwaka ule hayakuwa pacha. La kushoto liliundwa kwa kushoto, la kulia kwa kulia, na kila ubavu ulisukwa kwa mzigo wake: wa ndani kivyake, wa nje kivyake. Juu ya hapo Pirelli walikuwa wameweka mkanda wa chuma mahali pa Kevlar, nyuzi ngumu zisizo za chuma, ya 2012. Timu nyingi zikagundua kwamba ukiyahamisha, tairi linachelewa kuisha. Zikahamisha. Noah nyingi zinavaa tairi ambalo mbavu zake zimeundwa sawa, ndiyo maana hazilalamiki.

Upepo sasa, maana hapa ndipo watu wanapita haraka. Tairi la nyuma la wakati ule lina kipenyo cha milimita 660, kwa hiyo likizunguka mara moja gari limesogea mita 2.07. Kwa kilomita 300 kwa saa, hizo ni mara 40 ndani ya sekunde moja. Kila mara ubavu unakunjwa pale unapokutana na lami, kisha unanyooka. Upepo ukiwa pungufu mkunjo unakuwa mkubwa, joto linazaliwa ndani ya mpira wenyewe, gundi ya kati ya matabaka inalegea na nyuzi zinachoka. Ukilitazama kwa nje tairi ni zima kabisa. Timu inapunguza upepo kwa kuwa tairi lililolala kidogo linagusa lami kwa eneo pana zaidi na kushika vizuri.

Ongeza kemba. Gurudumu linalazwa, juu yake ikiingia upande wa gari, ili kwenye kona gari likiegemea, tairi likae bapa. Lakini kwenye barabara iliyonyooka bega la ndani, pale uso wa tairi unapokutana na ubavu, ndilo linabeba karibu kila kitu. Na Silverstone kona kubwa za kasi kama Copse na Stowe zinakata kulia, kwa hiyo mzigo unaangukia kushoto. Halafu kuna zile kingo za kona ya 4, madereva wanazipanda kwa kasi na bega lile lile la ndani ndilo linalogonga.

Taarifa ya Pirelli baada ya mbio iliyataja yote manne: kuhamisha, upepo mdogo, kemba kali, kingo. Kundi lenu la pili litafurahi, ila lisome na sehemu nyingine ya taarifa hiyo hiyo: suala la kuhamisha lilipuuzwa na kila mtu, na wa kwanza kupuuza ni Pirelli wenyewe, kwa sababu hawakulikataza. Mtengenezaji anajua tairi lake lina kushoto na kulia, anaona gereji nzima inageuza, ananyamaza. Mimi lawama kubwa naiacha hapo.

Kanuni_Kwanza

Nakataa kidogo, mkuu. Ufundi wako sina neno, ila lawama haiishii kiwandani.

Mapema msimu ule, Bahrain na Hispania, kulishakuwa na matatizo ya aina nyingine: tabaka la juu linabanduka lote huku tairi likiwa bado na upepo. Pirelli wakataka kurudisha Kevlar kuanzia Canada, mwezi Juni. Kanuni zilisema mabadiliko ya katikati ya msimu lazima timu zote zikubali. Ferrari, Lotus na Force India wakagoma, maana magari yao yalikuwa yanaelewana na tairi lile. Kila mtu anavutia kwake, siwashangai.

Mlango mmoja ulikuwa wazi. Ingekuwa ni suala la usalama, FIA wangeamua bila kura ya mtu. Pirelli wenyewe wakajifunga kwa kusema kubanduka si hatari kwa sababu tairi halipotezi upepo, na FIA wakaridhika na maneno hayo. Ukiangalia kilichofuata baada ya Silverstone utaona uwezo ulikuwepo muda wote. Siku 7 baadaye, mbio za Ujerumani pale Nürburgring, matairi ya nyuma yana Kevlar, kuhamisha ni marufuku, kiwango cha chini cha upepo na kikomo cha kemba si ushauri tena, ni amri inayokaguliwa. Chama cha madereva kilikuwa kimeshatishia kugoma. Kuanzia Hungary muundo wa 2012 ukarudi moja kwa moja.

Kama mambo yote hayo yaliwezekana ndani ya wiki moja, aliyekuwa na rungu mkononi ni nani?

Mdau_wa_Kirumba

Hapo nimekupata. Lakini mbona Indianapolis 2005 FIA walikaza na bado wakatukanwa?

Kanuni_Kwanza

Ile ni kesi tofauti. Ijumaa tairi la nyuma kushoto la Ralf Schumacher linapasuka kona ya 13, ile iliyoinama. Michelin, waliotengeneza tairi hilo, wanachunguza, wanasema matairi yao hayako salama zaidi ya mizunguko 10 kwa kasi kamili. Mbio ni mizunguko 73, na kanuni ya mwaka ule ilitaka seti moja itumike kufuzu na kwenye mbio. Wakaomba kona ya 13 iwekewe kizuizi cha kupunguza kasi. FIA wakakataa: waliokuja na matairi ya kampuni nyingine, Bridgestone, yanayofaa wana kosa gani? Magari 14 yakaingia gereji baada ya mzunguko wa kupasha moto, 6 ndiyo yakashindana. Pale mwenye tairi alikiri mwenyewe kabla ya mbio na baadaye akawarudishia watazamaji fedha za tiketi. Mnaweza kubishania namna FIA walivyoamua, ila chanzo hakina ubishi.

Fundi_Upepo_Igoma

Niongeze moja ambalo ni la kwetu pia: upepo unapimwa saa ngapi.

Mbio za Formula 1 za Baku 2021, madereva Stroll na Verstappen walipasukiwa nyuma kushoto kwenye kasi kubwa. Pirelli wakasema tairi halikuwa na kasoro ya kiwandani, ubavu wa ndani ulikatika kwa kufuata mduara wa tairi kutokana na hali lilimotumiwa, na timu zilikuwa zimefuata vipimo vya kuanzia. Yaani mwanzoni upepo ulikuwa halali, tatizo ni barabarani. FIA wakaongeza ukaguzi kuanzia mbio za Ufaransa.

Huku Mwanza kosa ni la kinyume. Gari limetoka Usagara, tairi lina moto, dereva anapima psi 36, anaona limezidi anatoa hadi 32. Kwa hali ya hapa, kila nyuzi joto 10 zinapandisha takriban psi 1.5, kwa hiyo asubuhi likipoa atakuta 28 na hataelewa ziliko nyingine. Pima kabla ya kutembea, soma kibandiko cha mlango wa dereva. Tairi la moto lenye upepo pungufu unaweza kuliongezea, lenye moto likasoma juu kidogo liache.

Tairi lenye mshale wa mzunguko, au lililoandikwa upande wa nje, likifungwa kinyume lirudi kwenye rimu likageuzwe. Ukipanda kingo kuegesha pale Kenyatta Road, baadaye pitisha kiganja ubavu wa ndani, siyo wa nje tu. Ukikuta uvimbe kama nusu ya yai, nyuzi zimeshakatika, hakuna kiraka cha hapo. Na likiisha bega la ndani peke yake wakati la nje zima, usinunue tairi jipya kabla ya alaimenti.

Mdau_wa_Kirumba

Nimewasomea kijiweni. Kundi la Pirelli limeshuka nusu, la FIA linadai soda. Mwenye Noah katoka nje na tochi, yuko chini ya gari anapapasa ubavu wa ndani.